Kunasa kuanguka kwa kifaa: mwongozo wa sensa ya mwendo isiyomaliza betri

Kifaa kikiwa kimetulia mezani, aksileromita (sensa ya kupima mwendo) iliyo ndani yake husoma 1 g, kiasi sawa na mvutano wa kawaida wa dunia, kwa sababu meza inakisukuma kwenda juu. Kikidondoka hakuna tena kinachokisukuma, na usomaji hushuka hadi karibu na sifuri kwenye mihimili yote mitatu, ukabaki hapo mpaka kitakapogusa chini. Huo ukimya wa kabla ya kishindo ndio tunaoutafuta. Anayesubiri kishindo amechelewa, na kama tutakavyoona, hata kukipima hawezi.

Wazo lenyewe si geni. IBM waliliweka kwenye kompyuta za ThinkPad mwaka 2003 na Apple wakafuata na PowerBook mwaka 2005, lengo likiwa kuondoa kichwa cha diski juu ya sahani kabla kompyuta haijafika sakafuni. Kilichobadilika ni umeme unaohitajika. Siku hizi sensa inaweza kukesha miezi kwa betri ndogo, kwa hiyo inafaa kuwekwa ndani ya mashine ya malipo ya mkononi, kipimo cha maabara, kamera, au sanduku la mzigo linalosafirishwa.

Tutakachotengeneza hapa ni kinasa kinacholala muda wote, kinachoamka kifaa kikiwa bado hewani, na kinachoandika kimedondoka kwa muda gani na kutoka kimo gani. Kimejengwa kwa chipu ya ADXL345 ya Analog Devices. Si chipu inayotumia umeme kidogo kuliko zote, lakini moduli zake zinapatikana kirahisi, na utambuzi wa kuanguka umejengwa ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha programu) inalala bila wasiwasi.

Kwanza hesabu, kisha vifaa

Muda wa kuanguka unategemea kimo peke yake. Uzito wa kifaa hauhusiki, mradi si kitu chepesi kinachopeperuka. Kanuni ni t = √(2h/g), h ikiwa kimo na g mvutano wa dunia, na majibu yake ni haya:

- sentimita 10: milisekunde 143
- sentimita 20: milisekunde 202
- sentimita 30: milisekunde 247
- sentimita 50: milisekunde 319
- sentimita 75, kimo cha meza ya kawaida: milisekunde 391
- mita 1: milisekunde 452
- mita 1.5: milisekunde 553
- mita 2: milisekunde 639

Yaandike pembeni, utayarudia mara nyingi.

Sasa linganisha na kishindo. Kifaa kilichoanguka mita 1 kinafika chini kwa kasi ya mita 4.43 kwa sekunde. Kikisimama ndani ya milisekunde 2 juu ya sakafu ya saruji, wastani wa nguvu inayokipata ni takriban 226 g. ADXL345 inaishia 16 g. Usomaji utagonga dari na kubaki hapo, na kuanguka kwa sentimita 20 kutaonekana sawa na kuanguka kwa mita 2. Chipu yenyewe haitaharibika, maana imetengenezwa kuvumilia mshtuko wa 10,000 g, lakini namba itakayokupa haina maana. Muda wa hewani, kinyume chake, hupimwa kwa usahihi mzuri kwa sensa ya bei nafuu kabisa. Kwa hiyo pima muda, achana na kishindo. Kama kazi yako inadai kishindo chenyewe, nunua chipu ya 200 g kama ADXL375, na usijidanganye kwamba programu itaziba pengo.

Vifaa

- Moduli ya ADXL345, ile ya pini nane inayouzwa kwa jina GY-291
- Arduino Pro Mini ya 3.3 V, 8 MHz, yenye ATmega328P. Ile ya 5 V haifai
- Betri ya simu ya zamani aina ya BL-5C, pamoja na kipande cha saketi chenye vidole vya kushikia betri, kilichokatwa kwenye simu iliyokufa
- Regyuleta ya MCP1700 ya 3.3 V
- Kapasita mbili za seramiki za 1 µF, na moja ya elektrolaiti ya 470 µF, 6.3 V au zaidi
- Rezista mbili za 4.7 kΩ, iwapo moduli yako haina zake
- Adapta ya USB ya kupakia programu, yenye swichi ya 3.3 V
- Waya mwembamba wa kulehemu. Zile waya za kuchomeka zenye vichwa vyeusi ni za majaribio ya mezani tu. Zikikutana na kishindo cha kwanza huchomoka

Usilehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu. Joto huharibu seli na linaweza kuiwasha, ndiyo maana ya kipande cha simu iliyokufa. BL-5C ina vidole vitatu. Chanya na hasi ni vile vya pembeni, hakikisha kwa mita, na cha katikati kiache. Betri ichajiwe nje ya kinasa, kwa sababu saketi ya kuchaji ikibaki imefungwa huendelea kunyonya kidogo kidogo na kuharibu hesabu yote ya umeme.

Hatua ya 1: punguza ulaji wa Pro Mini

Pro Mini ikitoka dukani ina taa ya umeme inayowaka daima na regyuleta yake. Viwili hivyo hula miliampia kadhaa, na kwa kiwango hicho betri ya 1000 mAh haimalizi mwezi. Ng'oa taa, au rezista iliyo karibu nayo, kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Kisha ng'oa regyuleta, umeme uingie moja kwa moja kwenye pini ya VCC. Tangu hapo pini ya RAW haina kazi. Anayekuja kuchomeka 5 V kwenye VCC anaweza kuunguza sensa, kwa sababu kikomo chake ni 3.9 V. Bandika karatasi yenye maandishi "3.3 V TU" mahali panapoonekana.

Pakia programu ukiwa umehakikisha swichi ya adapta iko kwenye 3.3 V. Kosa hili linaweza kuua moduli.

Hatua ya 2: unganisha

Betri inaingia MCP1700. Weka 1 µF kwenye ingizo na 1 µF kwenye tokeo, karibu na miguu yake. Kapasita ya 470 µF iwe upande wa tokeo, sambamba na VCC na GND za Pro Mini.

Kisha moduli:

- VCC ya moduli kwa 3.3 V, GND kwa GND
- SDA kwa A4, SCL kwa A5
- INT1 kwa D2
- CS kwa 3.3 V. Ikiachwa inaelea, chipu inaweza kudhani unataka SPI (njia nyingine ya mawasiliano, tofauti na I2C tunayotumia hapa) na kukaa kimya
- SDO kwa GND. Hapo anwani inakuwa 0x53, ikipelekwa 3.3 V inakuwa 0x1D

Kabla ya kuendelea, soma rejista 0x00, yaani kisanduku cha kumbukumbu cha chipu chenye namba hiyo (0x huashiria namba za msingi wa 16). Jibu lazima liwe 0xE5. Ukipata 0x00 au 0xFF, angalia CS na SDO kwanza, kisha rezista za 4.7 kΩ kwenye SDA na SCL.

Tusirukie kapasita ya 470 µF kana kwamba ni pambo. Kifaa kinapogonga chini, vidole vya betri vinaruka na umeme unakatika kwa muda mfupi, na hiyo ndiyo sekunde kinasa kinapohitajika kuwa hai. Mikrokontrola iliyo macho hutumia takriban 4 mA. Umeme ukikatika milisekunde 27, kapasita ya 470 µF hushuka kwa 0.23 V tu, kutoka 3.3 V hadi karibu 3.07 V, na kazi inaendelea. Kwa 100 µF ungeshuka zaidi ya 1 V, ulinzi wa ATmega328P uliowekwa kwenye 2.7 V ungeizima, na tukio likapotea. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kinasa kinafanya kazi vizuri kikianguka juu ya godoro, lakini juu ya saruji hakiandiki kitu.

Hatua ya 3: mahali pa kufunga sensa

Wengi hufunga sensa palipo na nafasi, kwenye kona. Hapo ndipo inapofeli. Kifaa kinachodondoka mkononi huzunguka, na kila kilicho mbali na kitovu cha uzito huvutwa nje na mzunguko huo. Ukubwa wake ni ω²r, ω ikiwa kasi ya mzunguko na r umbali kutoka kitovu. Kifaa kikizunguka mara 2 kwa sekunde na sensa ikiwa sentimita 3 kutoka kitovu, mzunguko peke yake unaleta 0.48 g. Sensa inaona nguvu, inadhani bado kifaa kimeshikwa, na kuanguka hakunaswi. Isogeze mpaka sentimita 1 na hiyo 0.48 g inakuwa 0.16 g, kiasi kisichosumbua.

Kutafuta kitovu: laza kifaa juu ya ukingo wa rula, kisogeze mpaka kisawazike, weka alama. Kigeuze nyuzi 90 na urudie. Alama zinapokutana ndipo pa kulenga, betri ikiwa ndani, kwa maana betri ndiyo nzito kuliko vyote. Huwezi kufika hapo hasa kwa sababu kuna kioo au mota? Karibia uwezavyo.

Moduli ifungwe imara, kwa skrubu au gundi ngumu. Sponji chini yake huendelea kutikisika kifaa kinapoachiwa, na ukimya tunaoutafuta unachafuka.

Hatua ya 4: sawazisha sifuri ya sensa

Hakuna sensa inayosoma sifuri kamili palipo na sifuri. Kwa ADXL345 kosa la kawaida ni karibu 35 hadi 40 mg (hapa mg ni sehemu ya elfu ya g), lakini mtengenezaji anaruhusu mpaka 150 mg kwenye X na Y, na mpaka 250 mg kwenye Z. Ukiweka kizingiti cha 300 mg juu ya chipu yenye kosa la 250 mg, umebaki na 50 mg za kuchezea, na kuanguka kwingi kutakupita.

Weka chipu isome kwa usahihi kamili, ambapo 1 g ni 256. Laza kifaa uso juu, chukua wastani wa usomaji 100 wa Z. Kigeuze uso chini, chukua tena. Jumlisha namba mbili, gawa kwa 2: hilo ndilo kosa la Z. Mfano: juu 262, chini −238. Jumla 24, nusu yake 12. Hatua moja ya rejista ya marekebisho ni sawa na hatua nne za usomaji, kwa hiyo gawa 12 kwa 4, geuza alama, upate −3. Andika −3, yaani 0xFD, kwenye rejista 0x20. Rudia kwa X, rejista 0x1E, na Y, rejista 0x1F, ukikisimamisha kifaa kwa mbavu zake. Njia ya pande mbili ni bora kuliko kusoma upande mmoja, kwa sababu inatenganisha kosa la sifuri na kosa la ukuzaji.

Rejista hizi husahau umeme ukikatika. Hifadhi namba kwenye EEPROM ya mikrokontrola (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) na uziandike upya kila inapowaka.

Hatua ya 5: ipe chipu amri

Andika kwa mpangilio huu:

- 0x2D ← 0x00, kuisimamisha wakati wa kupanga
- 0x2C ← 0x1B, usomaji 200 kwa sekunde kwenye hali ya umeme kidogo
- 0x31 ← 0x2B, usahihi kamili, hadi 16 g, na pini ya ishara ishuke chini inapoamsha
- 0x28 ← 0x07, kizingiti cha kuanguka
- 0x29 ← 0x1E, muda wa chini wa kuanguka
- 0x2F ← 0x00, ishara zote zipite INT1
- 0x1E, 0x1F na 0x20 ← marekebisho ya hatua ya 4
- 0x2E ← 0x04, ruhusu ishara ya kuanguka peke yake
- 0x2D ← 0x08, anza kupima
- kisha soma 0x30 mara moja, kufuta ishara iliyobaki

Kizingiti kwanza. Kila hatua ni 62.5 mg, kwa hiyo 0x07 ni karibu 438 mg. Mtengenezaji anapendekeza 300 hadi 600 mg, na hapa pana mtego ambao watu hawauoni. Chipu haipimi nguvu ya jumla. Inauliza kila mhimili peke yake, na yote mitatu ikiwa chini ya kizingiti inahesabu ni kuanguka. Sasa fikiria kifaa kimeegemea kona ya mkoba, kimeinama sawasawa kuelekea mihimili yote mitatu. Ile 1 g ya kawaida inagawanyika, kila mhimili unapata 577 mg. Kizingiti chako kikiwa 0x0A, yaani 625 mg, kifaa kilichotulia kinatangaza kwamba kinaanguka, na kitaendelea kutangaza mpaka kiinuliwe. Hata 0x09, yaani 562 mg, haiko salama, kwa kuwa kosa dogo la sifuri linatosha kuivusha. Usizidi 0x08.

Muda nao una hatua za milisekunde 5. 0x1E ni 30, yaani milisekunde 150, sawa na kudondoka sentimita 11. Chini ya milisekunde 100 utanasa kila mtu anayeweka kifaa mezani kwa haraka. Ukizidisha hadi 350 utakosa kuanguka kwa kimo cha goti.

Kwa nini usomaji 200 kwa sekunde, wakati kushuka hadi 12.5 kungepunguza umeme? Kwa sababu kwa 12.5 usomaji mmoja unakuja kila milisekunde 80, na kuanguka kwa milisekunde 150 kunaweza kupata usomaji mmoja tu katikati. Umeme unaookolewa wenyewe ni mdogo: katika hali ya umeme kidogo chipu hula 34 µA kwa 12.5, 50 µA kwa 100 na 60 µA kwa 200. Kwa tofauti ya 26 µA, hakuna sababu ya kuwa kipofu. Bila hali hiyo ungelipa takriban 140 µA kwa kasi ileile. Unachopoteza ni usafi kidogo wa usomaji, na kwa kazi hii hauhitajiki.

Hatua ya 6: usingizi na kuamka

Kabla ya kulala, zima ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) kwa kuweka ADCSRA kuwa 0, zima ulinzi wa volti kwa kipindi cha usingizi, kisha chagua usingizi mzito kabisa. A4 na A5 zisiachwe zikiwa LOW, kwa sababu kila moja itavuta takriban 0.7 mA kupitia rezista yake ya 4.7 kΩ, na utatafuta umeme unakokwenda mpaka uchoke.

Katika usingizi mzito, nyaraka za ATmega328P zinasema D2 inaweza kuiamsha kwa hali ya chini inayoshikiliwa. Mabadiliko ya ghafla ya kupanda au kushuka hayajahakikishwa. Ndiyo maana tuliandika 0x2B na si 0x0B: pini ya sensa inashuka na kubaki chini mpaka rejista 0x30 isomwe. Tumia attachInterrupt kwa LOW, na jambo la kwanza ndani ya kazi ya kuamka liwe kuondoa hiyo ishara kwa detachInterrupt. Ukisahau, mikrokontrola itaingia na kutoka humo bila kikomo na programu itaonekana imeganda.

Kuamka kwenyewe huchukua takriban milisekunde 2.

Hatua ya 7: pima muda uliobaki

Ikiamka, kifaa kimeshaanguka milisekunde 150. Hifadhi micros(), yaani saa ya programu, papo hapo, soma 0x30 kufuta ishara, kisha zunguka: subiri biti ya juu ya 0x30, ile ya 0x80, inayosema usomaji mpya umefika, soma baiti sita kuanzia 0x32, angalia kama mhimili wowote umezidi 512, yaani 2 g, upande wowote. Ukizidi, kimefika chini. Zisome baiti zote sita kwa mkupuo mmoja, la sivyo utachanganya nusu ya usomaji wa zamani na nusu ya mpya.

Muda wote ni 152 jumlisha ulichopima. Kimo kwa sentimita ni 0.0004905 × t × t, t ikiwa milisekunde. Kwa 452 unapata sentimita 100. Kwa kuwa usomaji unakuja kila milisekunde 5, na kwa mita 1 kifaa kinakimbia mita 4.43 kwa sekunde, kutokuwa na hakika kunakotokana na hapo ni sentimita 2 hivi. Kwa sensa ya aina hii, hiyo ni namba nzuri.

Weka kikomo cha sekunde 1. Baada ya hapo bila kugusa chini ni mita 4.9, na kwa matumizi ya kawaida huenda ni kosa, si ghorofa.

Kama kifaa kina diski au mota, amri ya kuizima itolewe mwanzoni kabisa, kabla ya mzunguko wa kupima. Kutoka mezani umebaki na milisekunde 240 hivi.

Kikishagusa chini, usiandike mara moja. Kitaruka. Kifaa kinachodunda sentimita 16 hukaa hewani milisekunde 361, na kinasa kitahesabu hilo kuwa kuanguka kwa pili. Subiri sekunde 3, futa 0x30, kisha andika rekodi moja. Baiti 8 zinatosha: namba ya tukio, muda, nguvu kubwa iliyosomwa kifaa kikiwa hewani, alama ya mwisho na baiti ya uhakiki. EEPROM ya ATmega328P ni baiti 1024, kwa hiyo matukio 128. Kila baiti huchukua takriban milisekunde 3.4, jumla 27. Ile nguvu ya hewani usiidharau: ikiwa kubwa, kifaa kilikuwa kinazunguka, au sensa iko mbali na kitovu.

Hatua ya 8: pima umeme

Mita ikiwekwa kwenye µA huongeza ukinzani wake ndani ya saketi. Mikrokontrola ikiwaka na kutaka 4 mA, volti inashuka, inajizima, inawaka tena, na utaona namba zinazocheza. Unganisha ncha mbili za mita kwa waya mfupi, washa kinasa, subiri kilale, ndipo uondoe waya.

Tarajia karibu 65 µA: sensa 60, MCP1700 takriban 1.6, kilichobaki ni usingizi wa mikrokontrola na uvujaji wa kapasita. Betri ya 1020 mAh kwa kiwango hicho ni zaidi ya saa 15,000, ingawa betri ya lithiamu iliyozeeka hujimaliza yenyewe mapema. Panga kuichaji kila baada ya miezi sita na uhesabu ni faida. Ukiona 200 µA na zaidi, ADC haijazimwa. Ukiona 0.7 mA au 1.4 mA, ni A4 na A5. Ukiona miliampia kadhaa, taa bado iko, au chipu haijalala kabisa.

Hatua ya 9: angusha

Tandika godoro, funga kifaa kwa uzi, pima kwa futi kamba kutoka chini ya kifaa hadi juu ya godoro, kisha kata uzi kwa mkasi. Usiachie kwa mkono. Vidole haviachii pamoja na kifaa kinaanza kuzunguka. Anza na sentimita 20, kisha 50, 75 na 100, mara tano kila kimo. Godoro litaongeza milisekunde chache kwa sababu povu linachelewa kufikisha 2 g. Kosa likiwa lilelile kwa vimo vyote, punguza ile 152. Likikua pamoja na kimo, tazama hesabu ya muda kwenye programu.

Baada ya hapo angusha kwa mkono, kwa kukizungusha makusudi. Kikikosa kunasa, rudi hatua ya 3 kabla ya kugusa kizingiti.

Barabarani mambo hubadilika

Mzigo uliofungwa nyuma ya bodaboda hauanguki, lakini unaruka. Kuruka ni kupanda na kushuka, na muda wote huo kitu kiko hewani. Kurushwa sentimita 3 tu juu ya tuta ni milisekunde 156, kumbe kinasa chetu cha milisekunde 150 kitajaza EEPROM kabla ya kufika Chalinze. Kwa mizigo weka 0x29 ← 0x32, yaani milisekunde 250, na ile 152 iwe 252. Hapo utanasa kudondoka kwa sentimita 31 na zaidi, na kuruka kwa zaidi ya sentimita 7.7 tu. Lifti haina shida. Kushuka kwake hupunguza usomaji kidogo tu, haufiki chini ya kizingiti.

Kwa sababu hiyohiyo, kifaa kilichorushwa juu sentimita 50 na kudakwa kitaandika kimo cha mita 2. Usipeleke rekodi kama hiyo kwa mteja na kumwambia amekidondosha darini. Ukitaka kutofautisha, hifadhi pia usomaji kadhaa baada ya ile 2 g: sakafu hupandisha ghafla mpaka 16 g, mkono hupandisha polepole na mara nyingi haufiki huko.

Kwa anayetaka kutumia betri ya kitufe, ADXL345 si yake. CR2032 ina takriban 220 mAh na kwa 65 µA haifiki miezi mitano. Achukue ADXL362, inayokula 1.8 µA ikisoma mara 100 kwa sekunde. Haina utambuzi wa kuanguka kwa jina hilo. Unatumia ishara yake ya kutulia, ukiipa kizingiti cha 600 mg na muda wa milisekunde 30, kisha milisekunde zinazobaki mikrokontrola inazihakikisha yenyewe kabla ya kuandika. Onyo la kona linabaki palepale, maana 600 iko juu ya 577, hivyo ishushe hadi 450. Inazungumza SPI tu na inaishia 8 g, ambayo kwa kujua kwamba kifaa kimefika chini inatosha.